Nani Analipia Uzee wa Kamera Yangu?

Siku hizi swali la kwanza la mteja wa Nairobi si bei. Bei huja ya pili. La kwanza ni, "Unatumia kamera gani?" Huliuliza kwa sauti ya mtu aliyetumwa, pengine na binamu fulani anayejua mambo, maana nikimjibu jibu lenyewe halimsaidii. Namwambia Sony A6000. Kimya kidogo. Halafu, "Hiyo ni 4K?" Hapana, si 4K. "Ni ya mwaka gani?" Ilitoka 2014. Hapo ndipo najikuta nikijieleza kama dereva aliyesimamishwa na trafiki.

Kujitetea kumenichosha, lakini swali lenyewe bado linaniwasha. Wengi wetu tulio katika kazi hii tunalijibu haraka mno. Kuna wanaosema, "Bana, si kamera, ni anayeishika." Na kuna wanaosema mteja anastahili kilicho bora, kwa hivyo nunua mpya ama utoke kwa hii biashara. Kiswahili chenyewe kimewapa wote wawili silaha: huyu atakuambia ya kale ni dhahabu, yule atakujibu kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi sioni kama ugomvi huu ni wa kamera kabisa. Naona ni ugomvi kuhusu nani anabeba hasara mambo yakiharibika, na pande zote mbili zinapita mbali na hapo.

Lakini kwanza tuipe kamera haki yake.

A6000 ni katika zile kamera zisizo na kioo ndani. Zile kamera nene zilizozoeleka shingoni mwa waandishi wa habari zina kioo kinachorusha mwanga juu hadi kwenye jicho la mpiga picha. Ukibofya, kioo kinaruka, mwanga unapita, kioo kinarudi. Mwaka 2008 Panasonic walitoa kamera yao ya G1 wakakiondoa kioo, mwanga ukawa unaenda moja kwa moja kwenye sensa, na unapochungulia unatazama skrini ndogo. Kamera zikawa nyembamba. Miaka sita baadaye ndipo A6000 ikaja: gramu 344 pamoja na betri na kadi yake, megapikseli 24, picha 11 kwa sekunde moja. Ilipendwa sana duniani, na ndiyo maana leo imejaa kwenye soko la mitumba. Yangu niliinunua kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama mji, shilingi 45,000 pamoja na lenzi yake ndogo.

Megapikseli 24 ni picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000. Ukiichapisha kwa ubora wa kitabu, pikseli 300 kwa inchi, unapata karatasi ya inchi 20 kwa 13. Katika sebule zote nilizoingia Umoja na Kayole sijaona picha ya familia iliyo kubwa kuliko hiyo ukutani. Karamu ya Mwisho tu ndiyo huishinda. Na picha ya Instagram yenye upana wa pikseli 1,080 haifiki hata megapikseli mbili. Kwa picha za mnato, basi, kesi imeisha mapema. Mwanga ulioingia kwenye sensa hii 2014 ndio ule ule unaoingia leo. Jua halijabadilisha mtindo.

Kwa video mambo si rahisi hivyo, na wenye kamera kuukuu tunapenda kupita hapa mbio mbio. A6000 inarekodi Full HD, yaani pikseli milioni mbili na kidogo kwa kila fremu. 4K ni zaidi ya milioni nane. Ni kweli mteja akishapewa hiyo 4K yake ataituma kwenye grupu ya familia, WhatsApp itaikamua hadi ibaki maganda, na shangazi wa Kitale ataitazama kwa simu iliyopasuka huku akipika. Nimeshacheka sana juu ya jambo hilo. Lakini ukitaka kumkaribia bibi harusi wakati wa kuhariri, ama kutuliza mkono uliotetemeka, zile pikseli za ziada ni pumzi. Na kuna jambo la rangi. Kamera hii inahifadhi video kwa biti 8, maana yake ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi. Kamera nyingi za leo zina biti 10, ngazi 1,024. Tofauti hiyo huioni mchana kweupe. Unaiona ndani ya tenti.

Nani alituroga na tenti za zambarau? Jua likipiga kitambaa hicho, kila aliyekaa chini yake anakuwa zambarau: bwana harusi, mchungaji, wali, kuku. Ngozi nyeusi ndiyo inayopata taabu zaidi, kwa sababu mng'ao wake umejengwa na tofauti ndogo ndogo za kivuli, na hizo ndizo za kwanza kupotea ukianza kuvuta rangi. Kwa biti 10 unaweza kuirudisha sura ya mtu nyumbani. Kwa biti 8 unafika katikati ya safari, halafu paji la uso linaanza kukatika vipande kama ramani. Kwa hivyo ukiniuliza kama kamera hii inatosha kwa video, nitakuuliza tenti ni ya rangi gani. Sitanii.

Tena haina tundu la maiki. Haina kitu cha ndani cha kutuliza mtikisiko. Na inakata video ikikaribia dakika 30. Hilo la mwisho lina historia ya kuchekesha: kwa miaka mingi Jumuiya ya Ulaya ilihesabu kamera inayoweza kurekodi dakika 30 au zaidi kuwa kamera ya video, yenye ushuru wa juu, kwa hivyo watengenezaji wakaona heri waikatize mapema. Matokeo yake ni kwamba mahubiri ya mazishi Murang'a yanakatwa na sheria ya forodha iliyoandikwa Ulaya. Mchungaji hajui. Anaendelea tu.

Sasa turudi kwa wale wa "si kamera". Mfano wanaoupenda, na hata mimi naupenda, ni Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi. Oktoba 1984 BBC walionyesha picha alizopiga Korem, Ethiopia, wakati wa njaa, pamoja na ripoti ya Michael Buerk, na dunia ikasimama. Mwaka uliofuata kukawa na ile tamasha ya Live Aid. Televisheni ya Uingereza wakati ule ilikuwa na mistari 625, na inayoonekana kwenye kioo ni 576 tu. Simu ya kijana yeyote pale Tom Mboya leo inashinda hiyo kwa mbali. Kwa hivyo, wanasema, umeona? Si kamera.

Mimi naona mfano huo unawageuka. Amin alikuwa mtu wa Visnews, shirika lililouza habari za video kwa vituo vya dunia, na alifanya kazi kwa vifaa vya kitaalamu vya siku zake. Mistari 576 haikuwa umaskini wa Amin. Ndiyo yote ambayo televisheni ya wakati huo ingeweza kubeba. Picha tunazoziita za zamani hazikupigwa kwa kamera za zamani, zilipigwa kwa kamera za wakati wao. Anayemtaja Amin ili ahalalishe kifaa chake cha miaka kumi na kitu anafanya ujanja kidogo. Na ujanja wenyewe unapendeza kwa sababu unamfanya mwenye kamera kuukuu aonekane mnyenyekevu, na yule anayeuliza kuhusu kamera aonekane mtu wa juu juu.

Ila yule anayeuliza si wa juu juu. Ana haki ya kuuliza. Hajui tu aulize nini.

Nchi hii ina sheria kwamba gari kuukuu lenye zaidi ya miaka 8 haliingizwi. Kamera haina sheria kama hiyo, na ingekuwa nayo A6000 zingezuiliwa Kilindini zamani. Kwa nini gari liwekewe umri na kamera isiwekewe? Si kwa sababu gari kuukuu haliendi. Linaenda, tena mengine yanaenda kuliko mapya. Ni kwa sababu gari likishindwa kufunga breki hamuumii nyinyi mlio ndani peke yenu. Kuna anayevuka barabara, ambaye hakuchagua gari wala hakulipia punguzo lake. Sheria inaweka umri pale ambapo hasara inaweza kumwangukia mtu asiyekuwa kwenye makubaliano.

Nikaanza kujiuliza: katika kazi yangu, ni nani anayevuka barabara?

Jibu nililipata kwenye kijitundu kilicho chini ya kamera. A6000 ina nafasi moja ya kadi. Kamera nyingi za kazi zilizokuja baadaye zina mbili, na unaweza kuandika kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Moja ikifa, nyingine inabaki. Nilipokuwa nikibishana na watu kuhusu megapikseli na 4K, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari ya nafasi za kadi, na hilo ndilo swali. Picha isiyo kali sana bado ni picha. Kadi iliyokufa si kitu. Rafiki yangu wa kazi ilimpata kwenye mazishi Machakos: kadi ikakataa kufunguka, akailipia kuokolewa, zikarudi za asubuhi na za jioni, katikati pakawa peupe. Katikati ndipo mwili ulipoagwa. Alirudisha pesa yote. Familia ikaipokea, ikamshukuru hata, lakini huwezi kumwambia mtu amzike babake tena Jumamosi ijayo.

Kuna mzee niliyemfahamu ambaye alipiga picha Uhuru Park tangu enzi za filamu, Jumapili baada ya Jumapili, familia zikiwa zimevaa za kanisani. Rolo moja picha 36. Unalipa nusu pale pale, nusu nyingine ukija kuchukua. Nikamuuliza, "Mzee, na filamu ikiharibika?" Akaniangalia kama nimeuliza mvua inanyesha kuelekea wapi. "Kijana, picha ikikosa kutoka hiyo ni njaa yangu, si yako. Wewe si ulinipa nusu?" Yaani bila mkataba wala wakili, biashara ilikuwa imepangwa hivi kwamba mwenye kifaa ndiye anayelala njaa kifaa kikikataa. Na familia ingerudi Jumapili ijayo na suti zile zile, ikae kwenye nyasi zile zile.

Hapo ndipo harusi na mazishi yanapoachana na Uhuru Park. Siku haina marudio. Hata nikirudisha kila shilingi, sehemu kubwa ya hasara inabaki kwa mteja, na haina risiti.

Mwaka juzi mama mmoja wa Kayole alinipigia kuhusu harusi ya bintiye. Alikuwa na 15,000. Nikamweleza kamera yangu bila kuzunguka: ni ya zamani kidogo, picha zitakuwa nzuri, video ni nzuri ila si ya kiwango cha juu kabisa, na inaandika kwenye kadi moja tu, kwa hivyo kadi ikifa kuna vitu vinaweza kupotea. Nikamwambia wako wenye kamera za kadi mbili. "Na hao ni pesa ngapi, kijana?" Nikamwambia wengi wanaanzia 40,000. Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha sana. "Sasa wewe unaniambia hiyo ya nini? Mimi nataka tu mamangu aonekane kwa hiyo video. Ana miaka 90."

Akakubali. Nikaandika kwenye daftari langu kwamba ameelezwa, amekubali. Kwa sheria nadhani hapo nilikuwa salama. Lakini nilikaa na lile daftari kwa muda. Kukubali kwa mtu asiye na njia nyingine ni kukubali kwa namna gani? Mwenye laki mbili akichagua kamera ya kadi moja, amechagua. Mama huyu hakuchagua. Alipokea. Mimi nilimweleza hatari halafu nikamkabidhi, na kumweleza kukawa kama risiti ya kuonyesha kwamba mzigo sasa ni wake. Kule Runda harusi inapigwa na watu watatu, kamera nne, kila moja kadi mbili. Hata kumbukumbu zina tabaka, jamani. Nyanya wa Runda amehifadhiwa mara nane, nyanya wa Kayole mara moja.

Hapa msee wa "nunua mpya" anapiga meza: ndiyo hayo, si ununue tu? Sawa, tuhesabu. Sony A7 IV, kamera nzuri kabisa ya 2021, yenye biti 10 na nafasi mbili za kadi, ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 2,500 hivi, kamera tupu bila lenzi. Ikifika hapa na ushuru wake na faida ya muuzaji ni zaidi ya laki tatu. Sina laki tatu. Nikiikopa, kila mwezi kuna mtu ananidai, na siwezi tena kupokea simu ya mtu mwenye 15,000. Sio kwamba sitaki, hesabu inakataa. Mama wa Kayole atabaki na mpwa wake mwenye simu, ambaye katikati ya viapo atapigiwa na Fuliza. Kwa hivyo kamera yangu mpya ingeboresha picha za kila mtu isipokuwa za wale niliosema nanunua kwa ajili yao.

Na kuna gharama nyingine iliyo mbali zaidi. Betri hizi za lithiamu nyingi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, kule Kolwezi na jirani zake. Watu wa huko wanaongea Kiswahili. Ukimpigia simu mchimbaji wa Kolwezi mtaelewana, mtataniana lafudhi, mtaongea habari za kodi ya nyumba. Baadhi yao wanaingia kwenye mashimo waliyochimba kwa mkono. Huyo naye ni mtu anayevuka barabara. Sisemi kamera kuukuu inanitakasa, maana nina betri tano na mbili zimevimba, ziko kwenye mkebe zikingoja nizipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Nasema tu kwamba kamera ambayo tayari ipo haimpi mtu wa Kolwezi kazi mpya ya kuhatarisha maisha kwa sababu mimi nimeaibishwa na binamu wa mteja.

Kuhusu aibu hiyo: kuna wenzetu wanaokodi kamera kubwa siku ya harusi ili tu ionekane, na vyuma vyake vyote, mkono juu, mkono chini, kama wanaingia vitani. Kama mteja anataka maonyesho na ameambiwa ni maonyesho, sina shida, hata tarumbeta hukodiwa. Nikija kugundua gharama ya maonyesho imetiwa kwenye bili ya ubora, hapo naita wizi.

Kwa hivyo nilifanyaje na mama wa Kayole? Kile ambacho kamera haikuwa nacho nilikilipa kwa miguu. Badala ya kadi moja kubwa nilibeba nane ndogo, za GB 16. Maandalizi, kadi moja. Kanisani, nyingine. Ikitoka inaingia kwenye kijaruba kilicho shingoni mwangu ndani ya shati, na kaka wa bwana harusi alikuwa amekaa nyuma na kompyuta yangu akizinakili moja moja, maskini, akakosa keki. Hivyo hakuna kadi ambayo ingeondoka na siku nzima. Sauti niliirekodi kwa simu mfukoni mwa bwana harusi na maiki ndogo ya kubana kwenye kola. Shata ya video niliiweka sehemu moja ya 50 ya sekunde, kwa sababu stima yetu ni ya mzunguko wa 50 na zile taa za bei rahisi za ukumbi huwa zinachezacheza ukikosea hapo. Kwenye mahubiri nilisimamisha na kuanza upya kwaya ilipoinuka. Na tenti nilienda kuiona siku moja kabla. Ilikuwa ya zambarau, bila shaka. Nikamwomba mama tufungue upande mmoja ili jua liingie kwa ubavu, na bibi akaketishwa hapo, penye mwanga mweupe, kitambaa chake cha kichwa kikawa na rangi yake halisi.

Ilikuwa kazi ya siku mbili na nusu kwa pesa ya siku moja. Mwenye kamera mpya angeifanya kwa siku moja. Kwangu hicho ndicho kipimo: kamera ya zamani inatosha pale ambapo upungufu wake naweza kuulipa mimi, kwa usingizi wangu, migongo, kadi, kwenda na kurudi. Mahali ambapo siwezi kuulipa na unamwangukia mtu mwingine, haitoshi, hata picha ingetoka tamu namna gani.

Na mahali hapo papo. Mchezo wa jukwaani kwenye ukumbi ulio kimya siuchukui, kwa sababu A6000 haina namna ya kupiga picha bila mlio, na kila mlio namnyang'anya aliyelipa tiketi sekunde moja ya mwigizaji. Mwandalizi atanilipa, aliyeketi safu ya tatu hakuulizwa. Kazi ambayo mkataba wake unasema 4K siichukui halafu nikakuza Full HD kwa kompyuta nikitumaini hawatagundua. Kuna jamaa hufanya hivyo. Netflix, kwa mfano, wana orodha ya kamera wanazozikubali kwa kazi wanazoziagiza wenyewe, na yangu haimo, na sioni cha kulalamika, wamesema wanachotaka. Tamasha la usiku lenye giza na moshi nampa mwenzangu mwenye sensa kubwa, naye hunitumia harusi ndogo ndogo. Tumeshazoeana hivyo.

Kuna pingamizi moja ambalo bado linanisumbua, na alinitolea dadangu mdogo, ambaye ni muuguzi. Alisema, "Sasa wewe unataka kuwa maskini ndio maskini wapate picha?" Nilitaka kumjibu haraka nikashindwa. Kulipa upungufu wa kamera kwa mwili wangu kunawezekana nikiwa na miaka 27 na bila mtoto. Mzee wa Uhuru Park alilala njaa filamu ilipoharibika, na hilo limekaa vizuri kwenye hadithi yangu, lakini njaa yake ilikuwa pia ya watoto wake, na wao nao hawakuwa kwenye makubaliano. Siku kadi nane na siku mbili za kazi zitakapoanza kulipwa na mtu mwingine nyumbani kwangu, hesabu itabidi ifanywe upya, na pengine jibu litakuwa laki tatu na mkopo. Kwa sasa nimefika mahali pa katikati: nimepandisha kidogo bei ya wenye uwezo, na kutokana na hiyo naweka akiba ya kununua mwili wa pili wa A6000, mtumba tena, nipige kwa mbili kwa wakati mmoja. Kadi mbili kwa njia ya kienyeji.

Wiki iliyopita kijana wa Githurai anayejifunza kazi alikuja kuiazima. Amepata mazishi, ya kwanza kupiga akiwa peke yake. Nikampa kamera, betri tatu nzima, kadi nane na kile kijaruba cha shingoni, nikamwonyesha namna ya kuzibadilisha wakati watu wamefumba macho kwa maombi. Alikuwa ameshafika mlangoni akageuka.

"Brathe, hii story ya kadi moja, mteja nimwambie kabla hajatuma pesa ama akishatuma?"

"Kabla."

"Na akighairi?"

"Basi ameghairi."

Akasimama kidogo akiipima ile kamera mkononi, halafu akatoa simu na kuanza kumtafuta kwenye orodha ya majina.